Hofu ya Saratani Kurudi: Amua Mchana, Usingoje Usiku

Saa nane usiku, miezi mitano baada ya kumaliza mionzi ya saratani ya matiti, niliamka na maumivu ya nyonga. Hayakuwa makali, mchana nisingeyasikia. Usiku ule nililala chali nikiyasikiliza kama mtu anayesikiliza vishindo vya mwizi uani. Kufika saa kumi nilikuwa nimeshatoka kwenye nyonga nikaenda mifupa yote, kutoka mifupa nikaenda ini, kutoka ini nikaenda kwenye harusi ya binti yangu nikitafuta nani atakaa kwenye kiti changu. Binti mwenyewe wakati huo hata sekondari alikuwa hajamaliza.

Nilikaa na hofu hiyo siku kumi na moja bila kumwambia mtu. Nilipopiga simu kliniki hatimaye, muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Vidonge vya homoni umeanza lini?" Nilikuwa nimeanza anastrozoli wiki sita nyuma. Maumivu ya viungo ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana sana, na vile vidole vilivyokuwa vikikakamaa asubuhi, ambavyo sikuwa nimevitilia maanani, vilikuwa ndugu wa nyonga hiyo hiyo.

Kuogopa sijilaumu. Ninachojilaumu ni zile siku kumi na moja, ambazo kila usiku nilikuwa naanza upya kuamua: nipige simu, nisipige? Ni kitu, si kitu? Ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: maamuzi kuhusu hofu hii yafanywe mchana, kichwa kikiwa kimetulia, yaandikwe, ili usiku kazi iliyobaki iwe kusoma tu.

Ni wa mtu aliyetibiwa saratani ya matiti ikiwa bado katika hatua za awali, yaani ilikutwa kwenye titi lenyewe, au kwenye titi na tezi chache za kwapani, na sasa amemaliza upasuaji, kemo (dawa kali za kuua saratani) au mionzi. Kama bado unameza vidonge vya homoni au unachomwa sindano za kulenga HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za matiti kukua), unahusika pia. Wanaume nao hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache. Mlango uko wazi kwao.

1. Ijue hofu yako inavyotembea

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwili uliowahi kuficha uvimbe bila kukuuma umejaa unyasi: kikohozi, kichwa, mgongo uliochoka. Kushtuka huko si upungufu wa imani. Wala si dalili kwamba unajua kitu ambacho vipimo havikioni. Hili la pili nalisisitiza kwa sababu wengi wetu tumegeuza "moyo unaniambia" kuwa kipimo cha maabara. Moyo wangu umeniambia mara nyingi sana. Mpaka leo haujapatia hata mara moja.

Wengi hushangaa kuona hofu inapanda pale matibabu yanapoisha, wakati jamaa wanapiga vigelegele. Haina ajabu. Wakati wa kemo kuna mtu anayetazama damu yako kila baada ya wiki kadhaa, kuna dripu inayoingia, kuna adui anayepigwa. Halafu siku moja unaambiwa "tuonane baada ya miezi mitatu", na unatoka getini mikono mitupu.

Watafiti wameona pia kwamba hofu haifuati sana ukubwa wa ugonjwa. Aliyekutwa na uvimbe mdogo wa hatua ya kwanza anaweza kuogopa kuliko aliyekutwa na mkubwa, na walio na umri mdogo kwa kawaida huogopa zaidi. Kwa hiyo usijipige kwa fimbo ya "wenzangu waliugua kuliko mimi, mimi nalia nini".

Kazi ya kuanzia: kwa wiki mbili, kila wimbi la hofu likija, andika siku, saa, na kilichotangulia. Basi. Usichambue. Mimi nilipohesabu nilikuta mambo matatu yakijirudia: harufu ya dawa ya kusafishia mikono, habari ya mtu maarufu aliyefariki kwa saratani yoyote ile, na wiki moja kabla ya kliniki. Tangu nilipoyajua, wimbi likija najua limetoka mlango upi, na hilo peke yake hulipunguza nguvu.

2. Omba maelezo ya ugonjwa wako, si wa jirani

Sehemu kubwa ya hofu hukaa mahali pasipo na maelezo. Unasikia fulani ulimrudia baada ya miaka kumi, unajivika hadithi yake, kumbe saratani yake na yako ni ndugu wa jina tu. Omba miadi ambayo shughuli yake ni mazungumzo, nenda na mtu wa kuandika, na uulize haya:

- Saratani yangu ilikuwa aina gani: inalishwa na homoni au la, HER2 iko au haiko?
- Tezi za kwapani zilikutwa nayo? Ngapi?
- Ufuatiliaji wangu ni upi: nani ananiona, kila baada ya muda gani, kwa kipimo gani?
- Nikiona dalili, nampigia nani, kwa namba gani, na usiku je?

Aina ina maana kubwa kuhusu lini hatari inakuwa juu. Ile isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2, ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, na baada ya miaka mitano uwezekano hushuka sana. Ile inayolishwa na homoni ina mwendo mwingine: hatari yake ya kila mwaka huwa ndogo lakini hujitandaza kwa miaka mingi, na ndiyo maana vidonge humezwa miaka 5, wakati mwingine hadi 10. Kwa wenye HER2, mambo yalibadilika kabisa kuanzia 2005, majaribio yalipoonyesha kwamba kuongeza trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, kwenye kemo kunapunguza sana kurudi kwa ugonjwa. Hadithi za shangazi wa mtu aliyeugua miaka ya 1990 hazina dawa hiyo ndani yake.

Uliza pia neno "kurudi" lina maana gani, kwa sababu lina maana zaidi ya moja. Saratani inaweza kurudi palepale, kwenye titi au kifuani penye kovu, na mara nyingi hiyo hutibiwa kwa nia ya kuiondoa kabisa. Inaweza kurudi kwenye tezi za karibu. Au inaweza kujitokeza mbali: mifupa, mapafu, ini, ubongo. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiwaza tukisema "kurudi". Huweza kudhibitiwa kwa muda, wengine kwa miaka, ingawa kwa kawaida haiponi. Na uvimbe mpya kwenye titi la pili mara nyingi si kurudi hata kidogo, ni ugonjwa mwingine unaoanza na hesabu yake.

Kuhusu asilimia: una haki ya kuuliza, na una haki ya kutouliza. Mimi niliuliza, dada mmoja niliyetibiwa naye akakataa kusikia, na wote wawili tulilala vizuri zaidi baada ya hapo. Ukiuliza, omba daktari aigeuze namba pande zote mbili. Ukiambiwa kati ya wanawake mia wanaofanana nawe kumi utawarudia, mwambie aseme na wale tisini.

Halafu kuna swali ambalo karibu kila mtu analo na wengi wanaona aibu kuliuliza: *Mbona hawanipimi mwili mzima?* Inaonekana kama kubaniwa. Nilidhani hivyo. Ukweli ni kwamba jambo hili lilipimwa. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili makubwa ya Italia, kila moja likiwa na wanawake zaidi ya 1,200. Kundi moja lilifuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara, ikiwemo skani ya mifupa na eksirei ya kifua. Jingine likafuatiliwa kwa kuchunguzwa na daktari na mamografia (eksirei ya matiti), na vipimo vingine kukiwa na sababu. Waliopimwa zaidi hawakuishi zaidi. Kugundua mapema kwamba ugonjwa umeenda mbali hakukubadilisha mwisho wake. Wakati huohuo skani huona vivuli visivyo na madhara, na kila kivuli kina wiki zake za kukesha, pengine na sindano ya kuchukua kinyama.

Mamografia ni habari tofauti. Ugonjwa ukigunduliwa mapema ndani ya titi kuna cha kufanya, kwa hiyo kipimo hiki hufanywa kila mwaka, kwa kawaida cha kwanza kikisubiri angalau miezi sita baada ya mionzi. Ratiba inayotumika sana ni kuonwa na daktari kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu ya mwanzo, kila miezi sita hadi kumi na miwili mwaka wa nne na wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Yako inaweza kutofautiana. Kubwa ni kwamba uijue.

3. Andika karatasi ya mlangoni

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata ukiziruka nyingine zote. Chukua karatasi moja, igawe mara tatu, peleka kliniki ikasahihishwe, halafu ibandike ndani ya mlango wa kabati. Yangu inasomeka hivi:

*Leo leo, usingoje asubuhi:* miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi ghafla, hasa nikiwa na maumivu ya mgongo, kushindwa kuzuia mkojo au choo, degedege, kupumua kwa shida au kifua kubana ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kwa sababu tamoksifeni (kidonge kingine cha homoni) huongeza uwezekano wa damu kuganda, mkono wa upande wa upasuaji kuwa mwekundu, wa moto, pamoja na homa.

*Piga simu kliniki ikifunguliwa:* uvimbe wowote mpya kwenye titi, kovu, kwapani au juu ya mfupa wa mtulinga, vipele au wekundu unaotambaa kwenye kovu, ngozi kubonyea, chuchu kutoa majimaji au damu, mkono kuanza kuvimba, macho kuwa ya njano, kutokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma.

*Andika tarehe, ngoja wiki mbili:* maumivu mapya ya mfupa au mgongo ambayo sikujigonga, kikohozi, kichwa, uchovu, kukosa hamu ya kula. Yakiisha, nafuta. Yakifika wiki mbili bila sababu, napiga simu. Yakizidi kila siku au yakiniamsha usiku baada ya usiku, sizingoji hizo wiki mbili.

Chini yake nina namba za simu, kwa herufi kubwa, kwa kuwa usiku wa hofu hata miwani haionekani.

Utaratibu wa wiki mbili unafanya kazi kama utaandika, siyo kama utakumbuka. Kila jioni mstari mmoja: wapi, kiasi gani kati ya sifuri na kumi, jana nilifanya nini. Mara nyingi sababu hujitokeza yenyewe kwenye mistari. Mgongo wangu wa "mifupa" uligundulika kuja kila siku niliyobeba ndoo mbili.

Ongeza nyuma ya karatasi yale ambayo baada ya matibabu huwa ya kawaida, maana haya ndiyo yanayotuua kwa hofu. Kichomi cha ghafla kwenye kovu, kama sindano, kinachopita upesi: ni mishipa ya fahamu iliyokatwa, na inaweza kuendelea kwa miaka. Ganzi upande wa ndani wa mkono. Kitu kama kamba iliyokazwa kutoka kwapani kushuka mkononi ukiunyoosha: huja wiki chache baada ya tezi kutolewa, na hulegea kwa mazoezi. Viungo kukakamaa asubuhi kwa wanaomeza anastrozoli au letrozoli. Kuna pia donge gumu ambalo ni mafuta ya titi yaliyokufa kwa upasuaji au mionzi. Halina madhara, lakini vidole haviwezi kulitofautisha na lile lenye madhara, kwa hiyo kila donge jipya linaonwa na daktari. Hapo hakuna ubishi.

4. Punguza kujipapasa, kuulizia na kuperuzi

Kuna kipindi nilikuwa najipapasa kila nikienda kuoga, nikivaa, nikikaa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Ukilibonyeza kovu mara ishirini kwa siku litauma, na likiuma unapata sababu ya kulibonyeza tena. Tena vidole vinavyobonyeza kila saa havina kumbukumbu; haviwezi kujua kipya ni kipi. Mara moja kwa mwezi inatosha: siku hiyo hiyo, mkao ule ule, kwa utulivu, kifua chote na makwapa yote. Lengo ni kujua kawaida yako ilivyo.

Kama sasa unafanya mara kumi kwa siku, usijilazimishe kuacha ghafla. Anza kwa kuahirisha. Mkono ukienda, mwambie "nusu saa". Nusu saa ikifika, mara nyingi hamu imepoa. Wiki ijayo, saa mbili. Siku utakazoshindwa zitakuwepo, nazo zisiwe kesi.

Kumuuliza mume au dada "hebu gusa hapa, unasikia kitu?" ni kujipapasa kwa mikono ya mwenzako. Akisema hakuna kitu, unapata nafuu ya dakika kumi, kisha unajiuliza kama aligusa penyewe. Kubalianeni mapema na jibu lake: "Kiko kwenye karatasi? Karatasi inasemaje?" Mume wangu alilichukia jibu hilo mwanzoni akaona ni la kikatili. Sasa analitumia hadi kwenye mambo ya ada ya shule.

Simu nayo: baada ya saa tatu usiku usitafute dalili yoyote kwenye intaneti. Haijui aina ya ugonjwa wako wala tezi zako, na wanaoandika saa nane usiku ni wale wenye hofu kama yako. Swali liandike, litafutiwe jibu kesho, na kesho yenyewe kwa daktari kwanza.

5. Wimbi likija, fanya haya

Kwanza pumua. Vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, kwa dakika tatu au nne. Hakuna uchawi hapo. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguza moyo mbio, na moyo ukipunguza mbio kichwa nacho hurudi taratibu. Kisha soma karatasi. Kama dalili ni ya leo leo, amsha watu. Kama sivyo, umeshaamua mchana. Kilichobaki ni usingizi au kuungoja.

Tenga pia saa ya hofu: dakika ishirini, kila siku wakati ule ule, mbali na muda wa kulala, na uogope kwa moyo wote. Andika, lia, hesabu mabaya. Hofu ikibisha hodi nje ya saa yake, iandike kwenye kijitabu na uiambie saa kumi na moja jioni tutaonana. Niliposikia ushauri huu mara ya kwanza nilicheka. Kwa siku nne za mwanzo zile dakika ishirini hazikutosha. Wiki ya tatu nilikuwa nakaa nikitazama ukuta sina la kuandika baada ya dakika nane.

Kuna zoezi moja ambalo halijulikani sana na ningependa lijulikane. Liko ndani ya tiba iliyojaribiwa Australia kwa watu waliomaliza matibabu ya saratani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017: wenye hofu kubwa waliopitia vikao vyake vitano walipungukiwa na hofu kuliko wale waliofundishwa kulegeza mwili tu. Zoezi lenyewe ni la masikio. Kaa mahali penye sauti kadhaa: feni, ndege, redio ya mbali, watu wanaoongea. Kwa dakika tano chagua sauti moja uishike, halafu nyingine, kila moja kwa muda wake. Dakika tano zinazofuata ruka haraka kutoka moja kwenda nyingine. Dakika mbili za mwisho zisikilize zote kwa pamoja. Mawazo ya saratani yakipita yaache yapite kama sauti mojawapo. Hulifanyi ili utulie. Unajifunza kwamba usikivu wako una usukani, na wewe ndiye unayeushika. Lifanye kila siku ukiwa mzima wa moyo, kama mtu anayejifunza kuogelea kabla ya mafuriko.

Na siku moja ya mchana, fuata hofu mpaka mwisho wake. Ikirudi, halafu? Nitapewa kemo tena. Halafu? Nitaugua. Halafu? Watoto watabaki na nani? Ukifika hapo utagundua kwamba ulichokuwa unakiogopa kina jina. Kwangu kilikuwa watoto. Nilikaa na dada yangu, tukaongea kwa saa moja nzito kuliko zote nilizowahi kukaa naye, tukaandika nani atafanya nini. Nilidhani kuandika wosia ni kuita kifo. Usiku ule nililala saa saba mfululizo.

6. Pangia siku za vipimo

Hofu ya kabla ya kipimo ina tabia ya kuanza mapema. Ipunguzie uwanja. Omba miadi ya asubuhi. Uliza mapema majibu yatatoka siku gani, yatatolewa na nani, kwa simu au ana kwa ana. "Tutakupigia" isiyo na siku ni adhabu. Usipange siku ya kungoja kuwa ya mapumziko: panga kazi za mikono, za kukuchosha kidogo. Chagua mtu mmoja wa kujua tarehe, siyo ukoo mzima, la sivyo utashinda ukiwatuliza wao.

Ukiitwa kurudia picha, usianze kuaga. Titi lililopasuliwa na kupigwa mionzi lina makovu ndani, na makovu huvuta macho ya mtaalamu wa picha. Mara nyingi wanataka pembe nyingine tu.

Kuna wenzetu ambao hofu yao haiwapeleki kwenye vipimo, inawakimbiza. Wanaahirisha mamografia mwaka huu, mwakani hivyohivyo, na kutoka nje wanaonekana jasiri. Kama ndiwe, mkabidhi mtu mwingine kazi ya kushika tarehe na kukufuata nyumbani.

7. Vidonge na mwili

Usiache vidonge vya homoni kimyakimya kwa sababu vinakukumbusha au vinakuuma. Ndivyo vinavyofanya kazi ya kuzuia kurudi, kila siku, bila kelele. Vikikusumbua sema, dawa inaweza kubadilishwa na nyingine ya jamii hiyo, na mazoezi yamesaidia wengi maumivu ya viungo. Tembea kwa haraka au fanya chochote kinachokutoa jasho, jumla dakika 150 kwa wiki, na siku mbili za mazoezi ya nguvu ukishapata ruhusa ya kliniki. Pombe, bora isiwepo au iwe kidogo sana.

Zaidi ya hapo, usikubali kugeuzwa mlinzi wa kila tonge. Na usiruhusu mtu akwambie kuwaza sana ndiko kutakakoirudisha. Hakuna ushahidi thabiti wa hilo, na kumwambia mwenye hofu kwamba hofu yake itamuua ni kumwongezea mzigo wa pili. Dawa za unga na vidonge vya "kuzuia saratani" unavyouziwa, vipitishe kwanza kwa daktari, kwani baadhi huingiliana na dawa zako.

8. Watu

"Umepona, shukuru Mungu, sahau." Wanasema kwa mapenzi. Mimi nilikuja kuwa na sentensi moja ya kuwajibu: "Nashukuru, na bado naogopa, sihitaji ushauri, kaa nami kidogo." Wengi hukaa. Watoto nao huhisi zaidi ya tunavyodhani. Waambie ukweli mfupi, kwamba dawa zimeisha, daktari anaendelea kukuangalia, na kukiwa na jipya watalisikia kwako kwanza.

Vikundi vya waliopitia haya vimeniokoa, na viliwahi pia kuniangusha, wiki ambayo mmoja wetu aliyekaa karibu nami kwenye kemo ugonjwa ulimrudia akafariki. Nilimlilia yeye na kujililia mimi bila kujua machozi yapi ni ya nani. Inapotokea, jipe ruhusa ya kukaa nje ya kikundi kwa muda, omboleza, halafu rudi kwenye yale majibu ya hatua ya 2. Ugonjwa wake ulikuwa na aina yake.

9. Hofu ikizidi, tafuta mtaalamu

Tafuta msaada kama kwa wiki kadhaa hulali, hufanyi kazi, unaikimbia kliniki au unaikimbilia kila siku, au umeshindwa kupanga chochote cha mwezi ujao. Tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na tabia ina ushahidi mzuri kwa hofu hii hasa. Wakikupa dawa za sonona au wasiwasi, taja kwamba unameza tamoksifeni: baadhi yake, kama paroksetini na fluoksetini, huizuia isigeuzwe vizuri mwilini, na zipo nyingine zisizo na shida hiyo. Wazo la kujidhuru likikujia, hilo ni la leo leo, juu kabisa ya karatasi.

Ukikosa maneno ya kuanzia kliniki, soma haya kama yalivyo: "Nimekuja kwa ajili ya hofu, siyo dalili. Imeanza tarehe fulani, inanichukua saa kadhaa kwa siku, na imenizuia kufanya jambo hili na hili. Naomba nielekezwe kwa mtu wa kunisaidia." Jaza tarehe, saa na mambo hayo usiku wa kuamkia miadi, kisha mpe daktari karatasi mkononi, ili hata sauti ikikata aweze kusoma.